Mbuzi Arobaini na Wawili wa Lokol

Siku Ethuro alipowaswaga mbuzi arobaini na wawili hadi Lodwar ili wakageuzwe kuwa wema, mji ulisimama kutazama. Hata punda wa mchuuzi wa maji alisimama, ingawa huyo, tuseme kweli, hakuwa na desturi ya kutembea.

Huo ulikuwa mwaka wa 1972. Mwaka uliotangulia, Lokol, mdogo wake Ethuro, mwalimu wa kwanza kutoka boma lao na wa mwisho pia, alipanda lori lililokuwa likipeleka unga na masanduku ya chaki katika shule ya Kakuma. Lori likafika kwenye laga ya Kawalase, ile inayokaa kavu mwaka mzima hadi watoto wanaichezea mpira. Dereva akaliteremsha mchangani. Maji yakaja kutoka milimani, kwenye mvua ambayo mjini hakuna aliyeiona wala kuisikia. Dereva alikutwa hai juu ya mkoma. Chaki zilikutwa zimekuwa uji. Lokol alikutwa siku ya tatu.

Aliacha binti mmoja wa miaka saba, jina lake Akeno, na kwa desturi mtoto huyo akawa wa Ethuro palepale, bila karatasi wala baraza, kama kivuli kinavyohamia upande wa pili wa nyumba jua likigeuka.

Ethuro alikuwa na mifugo mingi na majivuno ya kuitosha. Alimlilia mdogo wake kwa sauti ambayo Kakuma bado inaikumbuka, kisha akasikia barazani kwamba Lodwar kumeanzishwa kitu kiitwacho Wakfu wa Wananchi: mtu mwenye mali huiweka pale kwa jina la marehemu wake, na mali hiyo husaidia watu mpaka mwisho wa dunia. Mpaka mwisho wa dunia! Ethuro aliona huo ndio urefu unaomfaa Lokol.

Wakfu wenyewe ulikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la misumari na mabati. Ndani mlikuwa na meza, kabati la chuma, na Bwana Mutua, karani kutoka Machakos, mtu mnyoofu kuliko rula yake. Bwana Mutua alitoka nje, akawahesabu mbuzi mara mbili, akaona wote wana mikato miwili kwenye sikio la kushoto.

"Huu ni ugonjwa, mzee?"

"Hii ni jina," Ethuro akamjibu. Kiswahili chake alikiokota kwa wanunuzi wa ngozi, kwa hiyo kilijaa bei na kupungukiwa sarufi. "Mikato mbili, mbuzi ya sisi. Ukipewa na mimi, wewe unakata yako juu."

Wakfu haukuwa na kisu. Ulikuwa na muhuri.

Waliingia ndani. Bwana Mutua alieleza kazi ya mfuko taratibu, kama mtu anayemvusha kipofu. Mbuzi watauzwa mnadani. Pesa zitakwenda benki, Kitale. Huko zitazaa, na watu watakula watoto tu, mama hataguswa. Kwa hao watoto wa pesa, mtoto mmoja wa watu atasomeshwa sekondari, akimaliza achukuliwe mwingine, na mwingine, hivyo hivyo.

"Kunywa maziwa, acha mbuzi," Ethuro akasema.

"Hasa! Hasa, mzee!" Bwana Mutua alifurahi hadi akaongeza sukari ambayo haikuwa na nafasi tena katika kikombe. Tangu afike Turkana hakuna aliyewahi kumwelewa haraka namna hiyo. Kisha akashika kalamu. "Sasa, kuna kitu unachotaka Wakfu ukufanyie?"

Hapo ndipo jambo lilipoharibika, na liliharibika kwa adabu tupu.

Kwa Waturkana, kumpa mtu mnyama ni kumfanya rafiki wa mifugo. Mwaka wako wa njaa ukifika, unakwenda kwake, unakaa, unasema: nipe. Naye anasimama anakwenda zizini. Hakuna shahidi wala kitabu. Aibu peke yake inatosha kuwa askari. Lakini siku ya kutoa, mtoaji haitaji siku hiyo nyingine. Kuitaja ni matusi makubwa, ni kama kumwuliza bibi harusi atazikwa wapi. Mtoaji muungwana husema hataki kitu, na kadiri anavyokataa kwa nguvu ndivyo rafiki yake anavyojua amefungwa kwa kamba imara.

"Mimi sitaki kitu," Ethuro akasema kwa nguvu zake zote. "Hata mkia sitaki."

Bwana Mutua akaandika: Mtoaji hana dai lolote.

"Na watu wa nyumba yako? Tuandike wafikiriwe kwanza?"

Ethuro akacheka hadi mwenye duka la misumari akachungulia. "Nyumba yangu iko na mbuzi! Andika hiyo pesa isiguse nyumba yangu. Saidia hawa watu ya makaa."

"Nimeuliza mara moja, nauliza mara ya pili. Isiguse?"

"Isiguse!"

Bwana Mutua akaandika: Watu wa nyumba ya mtoaji hawatasaidiwa kamwe. Akapigia mstari neno la mwisho, akalikausha kwa karatasi ya kunyonya wino, akamshika Ethuro kidole gumba kwa heshima, akakichovya katika wino wa zambarau na kukibandika chini. Wiki iliyofuata palikuwa na sherehe. Ofisa mmoja alihutubu kwa Kiingereza dakika arobaini, na mkalimani akatafsiri yote kwa maneno mawili: amefurahi sana. Wafanyabiashara waliona haya kushindwa na mtu wa mbuzi, nao wakachanga. Ethuro akapigwa picha amekunja uso kwa sababu ya jua, na picha hiyo ikatundikwa ukutani karibu na kalenda.

Ethuro akarudi Kakuma na ugonjwa mpya. Kila aliyemwendea kuomba mnyama, iwe rafiki wa baba yake, iwe shemeji, alijibiwa kwa upole wa askofu: "Mbuzi wangu wa kuombwa wako Lodwar. Nenda huko." Aliona ni jambo la kisasa. Alikuwa amewakusanya marafiki wake wa mifugo, wote thelathini, na kuwafanya rafiki mmoja mkubwa, mwenye kabati la chuma, asiyehama na asiyekufa. Kwa nini ahangaike na wadogo?

Mmoja wa waliojibiwa hivyo alikuwa Lochakapong, mchoma makaa, mtu asiye na mbuzi hata wa kusingiziwa. Ethuro alizoea kumwita Bwana Moshi. Siku hiyo mke wa Lochakapong alikuwa amejifungua, na maziwa hayakutoka.

"Niazime mmoja anayekamuliwa," Lochakapong alisema. "Nitamrudisha mtoto akipata nguvu."

"Nenda Lodwar, Bwana Moshi. Wewe ndiye uliyeandikwa kabisa."

Lochakapong alikwenda. Siku tatu kwa miguu. Bwana Mutua alimweleza kwa huruma kwamba mfuko ule ni wa sekondari, na mtoto wake alikuwa na siku tatu. Siku tatu nyingine kurudi. Alipofika, hapakuwa na wa kunyweshwa.

Miaka ikaenda. Mfuko wa Lokol ukamsomesha mvulana wa Kalokol, mtoto wa mwanika samaki, miaka minne kamili, na Ethuro alikuwa akimtaja kama anataja fahali wake. Akeno naye akakua shuleni Kakuma, akawa wa kwanza darasani na wa kwanza katika orodha ya waliokosea. Ndiye aliyemfungia beberu katika ofisi ya mwalimu mkuu asubuhi ya kuja mkaguzi. Mwalimu Jeptoo, aliyetoka Kapsabet na aliyemfundisha tangu darasa la nne, alimchapa kwa kosa hilo, kisha akaenda nyuma ya choo kucheka peke yake.

Mwaka wa 1978 ugonjwa wa mapafu ukaingia zizini. Mbuzi walikohoa kama wazee kanisani, wakalala, hawakuinuka. Waliobaki, pamoja na ngamia na ng'ombe, walikwenda alfajiri moja na watu wenye bunduki kutoka ng'ambo ya mpaka. Ethuro akabaki na mbuzi saba, mke wake Akiru, na Akeno, ambaye mwezi wa Desemba matokeo yake yalikuja yakawa bora kuliko ya mtoto yeyote Kakuma. Ikafuata barua ya shule ya bweni ya wasichana, huko juu kwenye baridi: aje kabla ya tarehe kumi na mbili Februari, na sanduku la bati, na blanketi mbili, na karo. Asiyefika siku hiyo, nafasi yake atapewa mwingine.

Ethuro hakutishika. Alikwenda kwa marafiki wa zamani, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, kwa sababu ya desturi tu. Wa kwanza akamsikiliza hadi mwisho, akatema tumbaku.

"Nenda Lodwar," akasema.

Wa pili akasema hivyo hivyo. Wa tatu hakungoja amalize. Watoto wa wa nne walimwona kwa mbali, wakamwimbia.

Basi akaenda Lodwar, akamchukua Akeno kwa ajili ya kusoma mabango, na moyoni akawasikitikia wote wanne, maana hawakujua kwamba wamempa ushauri mzuri.

"Ejok, bwana karani."

"Ejok-noi, mzee Ethuro! Karibu, karibu kiti. Picha yako ile pale, unajiona?"

Ethuro hakukalia kiti. Alitua kigoda chake, kile ambacho mwanamume wa Kiturkana hukikalia mchana na kukilaza kichwa usiku, akakaa kimya muda mrefu kama inavyompasa mtu aliyefika kwa rafiki. Bwana Mutua aliujaza ukimya huo kwa chai.

"Mbuzi yangu imekufa," Ethuro akasema hatimaye. "Ingine imeenda na adui. Imebaki saba. Huyu mtoto ya Lokol ameitwa shule."

"Pole sana, mzee. Pole. Na hongera, binti."

"Basi. Nimekuja."

Akanyamaza. Alikuwa amesema yote. Hapo ndipo rafiki husimama kwenda zizini. Na kweli Bwana Mutua alisimama, na moyo wa Ethuro ukasimama naye. Akaenda kwenye kabati la chuma, akalifungua, akarudi na faili.

"Karatasi yako hii, mzee. Binti, msomee."

Akeno alianza kwa sauti ya mashindano ya kusoma, kisha sauti ikapungua mwendo jinsi alivyoelewa. "Mtoaji hana dai lolote. Watu wa nyumba ya mtoaji hawatasaidiwa... kamwe." Akainua macho. "Nani alisema hivi?"

"Mzee mwenyewe. Nilimwuliza mara mbili."

Ethuro alizungumza Kiturkana, maneno machache.

"Anasema ilikuwa adabu," Akeno akatafsiri.

Bwana Mutua aliitazama karatasi tena, mbele na nyuma, kama mtu aliyetumaini kweli kuikuta adabu imeandikwa mahali fulani. "Hakuna kifungu cha adabu," akasema.

"Badilisha."

"Siwezi, mzee wangu. Nikibadilisha neno la mtoaji kwa sababu mtoaji amepata shida, kesho atakuja mwingine asiye na shida. Watu wanaleta mali hapa kwa sababu tunashika neno lao. Neno lako ni hili. Nimelitunza miaka saba."

"Mbuzi yangu iko wapi?"

"Kitale, mzee. Benki. Hajaguswa hata mmoja." Alisema hivyo kwa fahari, na fahari yake ilikuwa ya haki, ndiyo maana haikuwezekana kumpiga. Kisha akaingiza mkono katika mfuko wa suruali yake mwenyewe, akaweka noti ya shilingi ishirini juu ya meza. "Hii si ya Wakfu. Ni yangu."

"Mimi sikuuzia wewe kitu," Ethuro akasema, akaokota kigoda chake.

Walirudi Kakuma juu ya lori lililobeba magunia ya samaki wakavu wa Kalokol. Akeno hakuweza kuuvumilia ukimya wa baba yake mkubwa. Ukimya ulikuwa ukimwasha kama upupu. Akajaribu utani.

"Karatasi inasema nyumba, Baba. Haisemi damu. Basi mimi nihamie kwa Lochakapong. Nijipake masizi, nirudi kwa bwana karani na sauti ya yatima: Bwana mkubwa, sisi ni watu ya makaa!"

Alicheka peke yake. Wenzake juu ya magunia wakacheka kidogo. Ethuro aligeuka akamtazama, akamtazama muda mrefu mno, na kabla lori halijavuka laga ya kwanza Akeno akawa ameacha kucheka.

Lochakapong alikuwa akishona gunia la makaa mbele ya nyumba yake alipofika Ethuro asubuhi ya kesho yake.

"Ndugu yangu," Ethuro akaanza.

"Nani?"

"Wewe."

"Tangu lini?"

"Tangu leo."

Lochakapong aliendelea kushona. "Jana nilikuwa Bwana Moshi. Kulala tu, nimeamka ndugu. Kaa basi, ndugu. Kuna gunia."

Ethuro hakuleta kigoda; alikalia makaa. Akaeleza yote. Mke wa Lochakapong alikuwa mlangoni, anasikia, na Ethuro hakudiriki kumtazama.

"Sikuombi chakula chake," akamaliza. "Akeno ana mkono mwepesi, maji atachota. Nataka jina tu."

"Jina tu." Lochakapong alikata uzi kwa meno. "Mimi nilitaka maziwa tu."

Kuku akapita.

"Nitampokea," Lochakapong akasema. "Usinishukuru, sikufanyii wewe. Nilipoteza mtoto, naletewa mtoto. Lakini si kwa kukodisha. Ataitwa binti yangu mbele ya chifu. Mahari yake ni ng'ombe zangu. Na asiitwe tena na mtu kutoka nje ya ua wangu, 'mwanangu, mwanangu'. Ukitoa, toa kweli. Siyo kama vile ulivyozoea, unatoa huku umeshika mkia."

"Hata mkia sitaki," Ethuro akajibu. Midomo ilijisemea yenyewe.

Akiru aliposikia, alitua kibuyu chini. "Umewauza mbuzi ili ununue jina la ndugu yako," akamwambia mumewe. "Halafu umemwuza mtoto wake ili asomeshwe na jina hilo. Ungekwenda shule wewe, mume wangu, ungekuwa daktari." Hakusema naye tena hadi Jumapili.

Kwa desturi, ili mtoto ahamie boma lingine, alihitajika mbuzi mmoja. Katika saba, mmoja tu alikuwa akikamuliwa, na Lochakapong akamchagua huyo. Mikato miwili, sikio la kushoto. Lochakapong alimchinja vibaya, kwa kuwa hakuwahi kuwa na mbuzi wake wa kuchinja, kisha akachota kwa kiganja majani yaliyosagika tumboni mwa yule mnyama, yangali na joto, akampaka Akeno kwenye paji la uso, kifuani na tumboni, huku akilitaja boma lake. Akeno alisimama wima.

"Inanuka kama ofisi ya mwalimu mkuu siku ya mkaguzi," akanong'ona.

Hakuna aliyecheka. Chifu akaandika barua: Akeno binti Lochakapong, mchoma makaa, mkazi wa Kakuma. Akapiga muhuri, akaupiga tena kwa sababu wa kwanza haukuonekana vizuri.

Tarehe saba Februari, kamati ya Wakfu ikakaa Lodwar kumpata mtoto wa pili wa Mfuko wa Lokol. Walioomba walikuwa watatu, na kwa matokeo yale hapakuwa na ubishi. Ethuro alikuwepo. Kanuni ilitaka awepo: mtoaji ndiye humkabidhi mtoto barua ya karo. Alikalishwa mbele, chini ya picha yake, juu ya kiti, na safari hii alikikalia.

Akeno aliingia na Lochakapong, ambaye alikuwa ameoga hadi akafanana na mtu mwingine. Bwana Mutua alimtazama msichana. Alimtambua, asingeweza kutomtambua mtu aliyemsomea neno kamwe wiki tatu zilizopita. Akaichukua barua ya chifu, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaiweka chini na kuinyoosha kwa kiganja.

"Barua ina muhuri," akaiambia kamati. Kisha, bila kuinua macho: "Baba yako ni nani?"

"Lochakapong."

"Una undugu wowote na nyumba ya mtoaji?"

"Hapana."

"Swali la mwisho, ni la lazima, liko katika fomu. Je, unajua lolote juu ya marehemu Lokol, ambaye mfuko huu una jina lake?"

Nje mtu alikuwa akipigilia misumari. Akeno, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kukosa neno, alikosa. Alimtazama Ethuro. Na Ethuro, juu ya kiti, chini ya picha, alitikisa kichwa mara moja, taratibu: hapana.

"Simjui," Akeno akasema.

Bwana Mutua akaandika. Ethuro akasimama, akaitoa barua kwa mikono miwili. Binti akaipokea, akapiga goti kama alivyofundishwa na Mwalimu Jeptoo.

"Asante, bwana mfadhili."

"Soma sana," mfadhili akajibu. Watu wakapiga makofi. Wakapigwa picha, na safari hii wote wawili walikunja uso, ingawa walikuwa ndani ya nyumba, mbali na jua.

Kanuni nyingine ya Wakfu ilisema mwanafunzi amwandikie mfadhili kila muhula. Barua ya kwanza ilifika mwezi wa Aprili, kabla ya likizo, baada ya kupita mezani kwa Bwana Mutua. Ethuro akaipeleka kwa Mwalimu Jeptoo.

"Mpendwa Bwana Mfadhili," Mwalimu akasoma. "Mimi ni mtoto wa Bwana Lochakapong wa Kakuma. Sikufahamu, lakini nakuombea kila siku. Huku kuna baridi na wali siku ya Jumapili. Nimekuwa wa tatu. Wawili walio mbele yangu wanapendwa na Mungu, lakini nitawafikia." Mwalimu akacheka, kisha akaigeuza barua. "Pole, mzee. Panya wameikula hapa pembeni."

Ethuro akaichukua. Ukingo wa kushoto, juu, ulikuwa na mikato miwili, imekatwa kwa wembe, midogo na safi. Akaipitishia kidole gumba. Akaomba asomewe tena, na wakati wote wa kusomewa kidole hakikutoka pale.

Likizo ikafika. Lori la Lodwar lilisimama mbele ya maduka ya Kakuma, na kati ya walioshuka alikuwamo mjumbe mmoja wa kamati ya Wakfu, amekuja kununua ngozi. Akeno alishuka nyuma yake, sanduku la bati kichwani, viatu miguuni. Alimwona Ethuro upande wa pili wa barabara. Akaweka sanduku chini, akakimbia.

"Baba!"

Mjumbe akageuka. Wenye maduka wakageuka. Lochakapong, aliyekuja kumpokea, alikuwa amesimama na mkokoteni wake. Ethuro akaona vyote kwa pamoja: viatu, mjumbe, karatasi yenye mstari chini ya neno la mwisho, miaka minne ya karo. Na tena alikuwa ametoa. Mtu akitoa, anatoa kwa nguvu.

"Mimi si baba yako," akasema kwa Kiswahili, kwa sauti, kila mtu asikie. "Baba yako yule pale. Nenda kwenu."

Msichana alisimama katikati ya barabara. Halafu akafanya kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwona akifanya Kakuma nzima: alitii. Alirudi, akaliinua sanduku, akaliweka juu ya mkokoteni wa Lochakapong. Wiki tatu za likizo alichota maji kwa njia ya mbali, ile isiyopita kwa Ethuro.

Barua ya pili ilifika mwezi wa Agosti. Hati ilikuwa nzuri zaidi, haina wino uliomwagika. Mwalimu Jeptoo akaisoma akiwa amesimama: Mpendwa Bwana Mfadhili, nimekuwa wa kwanza. Natoa shukrani kwako na kwa baba yangu, Mzee Lochakapong, ambaye ameuza magunia manne ya makaa ili ninunue kamusi. Nakutakia afya njema. Wako mtiifu, Akeno Lochakapong.

"Hakuna utani hata mmoja," Mwalimu akasema, kama mtu aliyeibiwa. "Basi, ndiyo kukua."

Ethuro akanyoosha mkono, akapewa. Akapitisha kidole gumba ukingo wa kushoto, kutoka juu hadi chini. Akaigeuza, akapitisha upande wa kulia. Akajaribu juu, akajaribu chini.

"Unatafuta nini, mzee?"

"Panya," Ethuro akasema.

Alizunguka pande zote nne tena, polepole. Karatasi ilikuwa nzima.